Jinsi ya kuuchunguza upatu kwa jicho la sosholojia

Watu 10 wanachanga 20,000 kila wiki, na kila wiki mmoja anaondoka na 200,000. Aliyepokea wa kwanza anadaiwa wiki 9 zijazo, na mara nyingi hakuna karatasi iliyosainiwa. Kwa nini hatoroki? Mwanasosholojia hajibu kwamba "ni mwaminifu". Yeye hutafuta kilicho nje ya moyo wa mtu: undugu, ujirani, hofu ya kusemwa, nani ana sauti ya kupanga zamu. Mwanasosholojia Émile Durkheim alifanya hivyo nchini Ufaransa mwaka 1897 kwa jambo la siri kuliko yote, kujiua: alilinganisha makundi, akaona viwango vya Waprotestanti vinazidi vya Wakatoliki.

Anza na swali moja linaloweza kujibiwa, mfano: zamu za mwanzo hupewa nani? Chukua barua ya utambulisho chuoni, uipeleke serikali ya mtaa, kisha uombe ridhaa ya wanakikundi wenyewe. Ruhusa ya kijumbe, yaani msimamizi wa upatu, peke yake haitoshi.

Hudhuria mikutano minne hivi kabla ya kumhoji yeyote. Andika nani amekaa wapi, nani kachelewa na akaambiwa nini. Mkutano wa kwanza usiutegemee sana; watu huwa na adabu ya ugeni.

Ndipo uwahoji mmoja mmoja, faragha. Mbele ya mume, mama wa nyumbani anaweza kuficha kiasi anachochanga, na daftari lako litajaa majibu ya mume. Usiulize "Je, upatu unakusaidia?" Swali hilo limeshabeba jibu. Uliza: "Mara ya mwisho ulipopokea, fedha ilikwenda wapi?"

Kosa linaloharibu tafiti nyingi za namna hii ni kuwahoji waliobaki tu. Watafute waliojitoa na waliofukuzwa, maana kanuni huonekana vizuri pale ilipovunjwa. Usipowapata, utaandika kwamba upatu haushindwi kamwe.

Ukitaka kulinganisha na wasiocheza, orodhesha nyumba zote za mtaa. Zikiwa 120 nawe unahitaji 30, gawanya: kila ya 4. Ya kuanzia ipigie kura kati ya 1 na 4. Nyumba ikiwa imefungwa, rudi jioni. Ukiruka kwenda ya jirani, sampuli yako itajaa wanaoshinda nyumbani.

Majina yabadilishe siku hiyohiyo, daftarini kwako pia.