Somo: Kurekodi kwaya ya wanaume, "Yesu Kwetu ni Rafiki"

Tuni hii ni ya Charles Converse, 1868, na mara nyingi vitabu huiweka kwenye ufunguo wa F. Nachukulia mna wanaume 12, kinasa sauti chenye maiki mbili, na kanisa la paa la bati. Kinanda hakuna.

Hatua ya 1: Pangeni sauti upya. Ukiishusha tu soprano ya kitabuni oktavu moja, itagongana na teno na wimbo utapotea. Wape teno wa pili wimbo wenyewe, teno wa kwanza wapite juu, baritoni wajaze, besi washike chini. Huko chini sauti zisibanane, zitavuma kama mzinga wa nyuki.

Hatua ya 2: Nusu duara, kinasa mita 3 mbele, juu ya usawa wa vichwa. Rekodi ubeti mmoja, sikiliza, kisha sogeza watu. Yule teno anayepasua masikio (kila kwaya inaye) arudi nyuma hatua mbili. Hapa mimi humaliza saa nzima, maana wote wanaingia kwenye maiki zilezile. Baadaye huwezi kumpunguza mmoja.

Hatua ya 3: Zima kichujio cha sauti za chini. E ya chini ya besi ni kama hezi 82, na kichujio kitaila. Vilele (pale sauti inapofika juu kabisa kwenye kipimo cha kinasa) viishie desibeli -12, kwani ubeti wa mwisho lazima jazba ipande.

Hatua ya 4: Irabu. Mistari yetu huishia kwenye irabu, basi ndiyo inayobaki hewani. "Rafiki" ni mtego: kumi wanaitoa "i" kwa tabasamu, wawili wameviringisha midomo, sauti inachafuka. Waviringishe wote kidogo, kama wanaokaribia "u".

Maswali

– Nina simu tu.
Inatosha kujifunzia. Iwe juu ya stendi, umbali uleule, hali ya ndege. Tafuta programu inayokuruhusu kuzima urekebishaji wa ukubwa wa sauti unaojiendesha wenyewe, la sivyo sehemu za taratibu zitapandishwa hadi usikie feni.

– Tunaanza F, tunamaliza E.
Bila kinanda hutokea. Toa nota upya kabla ya kila teki (kila mara mnaporekodi), na usiunganishe beti za teki mbili kabla ya kulinganisha nota zake.

– Besi hawasikiki, niwape maiki yao?
Kwanza waweke katikati, mbele.

– Mvua ikianza je?
Kaeni mnywe chai. Bati halina kichujio.