Murchison Falls kwa saa 24: jinsi ya kuipitia ukielekea kaskazini mwa Uganda

Kutoka Kampala hadi Paraa, mahali pa kuvukia Nile ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Murchison Falls, ni takriban kilomita 300 kupitia Luweero na Masindi. Kiingilio huhesabiwa kwa saa 24 tangu unapoingia, hakifuati kalenda. Ukiingia jioni, saa zako za kwanza zinaishia usingizini, na kesho yake boti ya kwenda kwenye maporomoko inakurudisha kukiwa kunakaribia kuchwa, utafute njia ya kutokea gizani au ulipie siku nyingine. Lenga kufika langoni saa nne na nusu asubuhi. Utapata mto mchana na wanyama alfajiri, kwa malipo ya mara moja.

Ondoka Kampala saa kumi na moja alfajiri, kabla foleni ya Kawempe haijaamka. Ukifika Kafu, chepuka kushoto kwenda Masindi. Hapo jaza mafuta, maana kwa kuvuka hifadhi, kuzungukia wanyama na kutokea Pakwach, tenga mafuta ya kilomita 250. Kagua na tairi la spea. Lenye upepo nusu ni mzigo tu. Weka pesa za kutosha kwenye simu au beba kadi, kwa sababu langoni hawapokei taslimu, na mshike vitambulisho vya taifa ili mlipie bei ya Waafrika Mashariki.

Ukipita lango la Kichumbanyobo, funga vioo. Msitu wa upande huu wa kusini una mbung'o, ambao hukimbilia kitu chochote kinachotembea na hupenda sana rangi ya buluu na nyeusi. Vaeni kaki. Dawa za kufukuza mbu haziwasumbui sana, na mdomo wao hupenya fulana nyepesi. Mtu akipata homa wiki chache baadaye, amwambie daktari kwamba aliumwa na mbung'o, ili malale nayo ichunguzwe.

Barabara kuu ya hifadhi sasa ni lami, iliyowekwa kwa ajili ya mradi wa mafuta, na huo ndio mtego wake. Kasi inayoruhusiwa ni kilomita 40 kwa saa, na nyani hukaa katikati ya lami kama wako barazani. Barabara ya kwenda juu ya maporomoko ni ya murram. Ikiwa na makunyanzi, punguza upepo wa tairi kutoka psi 36 hadi 30, ila beba pampu uurudishe kabla ya lami, la sivyo tairi litachemka.

Boti ya saa nane mchana hupanda mto kutoka Paraa hadi chini ya maporomoko, katikati ya viboko na mamba. Ukipenda, shuka pale, kisha upande mlima kwa miguu pamoja na renja, kama dakika 45 hadi saa moja, maji lita moja kila mtu. Lakini boti haikusubiri. Lazima dereva wenu awe ameshapeleka gari juu. Kila safari kuna kundi linalogundua jambo hili likiwa tayari limeshuka. Juu, Nile inajibana kwenye ufa wa mita 7 hivi na kuanguka mita 43. Miamba ina utelezi wa manyunyu, shikeni watoto mikono.

Laleni upande wa kusini. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi vukeni daraja la Paraa, mwelekee nyanda za Buligi. Msifukuzie simba kwa kuuliza kila gari. Watazameni swala aina ya kob. Wakiwa wanakula vichwa chini, pitieni tu. Wakisimama wima, masikio mbele, wote wakikodolea kichaka kimoja huku dume akipiga mluzi mkali puani, zimeni injini na mtazame kichaka hicho hicho kwa dakika kumi. Twiga nao hutoa habari hiyo hiyo, tena kutoka juu.

Mvua ikinyesha, baki kwenye njia kuu, maana vijia vidogo hugeuka utelezi na huruhusiwi kushuka kusukuma gari. Saa tatu na nusu anza kurudi kuelekea lango la Tangi, utoke kabla ya saa nne na nusu. Pakwach ipo mbele kidogo tu, na mafuta yapo.