Kutibu vajinosisi ya bakteria kwa antibiotiki: mambo ya kutarajia

Vajinosisi ya bakteria hutokea pale bakteria walinzi wa uke, yaani laktobasili, wanapopungua, na bakteria wa aina nyingine, akiwamo Gardnerella, wakaongezeka na kushika nafasi yao. Dalili zake ni majimaji mepesi meupe au ya kijivu yenye harufu kama ya samaki, ambayo mara nyingi huzidi baada ya kujamiiana, ingawa wanawake wengi hawaoni dalili yoyote. Hakikisha umepimwa kabla ya kununua dawa, kwa kuwa dawa ya fangasi haitibu hali hii hata kidogo, na trikomonasi, ugonjwa wa zinaa ambao nao huleta majimaji yenye harufu, hulazimu mwenzi naye atibiwe.

Dawa inayotumika zaidi ni metronidazoli. Vidonge vyake, vya miligramu 400 au 500, humezwa mara mbili kwa siku kwa siku 5 hadi 7, na jeli yake ya asilimia 0.75 huwekwa ndani ya uke mara moja kwa siku kwa siku 5. Dawa nyingine ni krimu ya klindamisini ya asilimia 2, inayowekwa wakati wa kulala kwa siku 7. Uwezo wa dawa hizi kuponya unakaribiana, kwa hiyo mwenye tumbo linalosumbuka haraka ana sababu nzuri ya kuomba jeli au krimu. Kama una ujauzito, sema mapema: metronidazoli hutumika kwa wajawazito, lakini tinidazoli, ambayo ni dawa ya jamii hiyohiyo, huepukwa.

Jeli na krimu huja na bomba dogo la kuingizia dawa. Nawa mikono, jaza bomba hadi kwenye alama, lala chali ukiwa umekunja magoti, liingize taratibu kadiri usivyoumia, kisha sukuma dawa yote iishe. Asubuhi sehemu ya dawa hutoka na kulowesha nguo ya ndani. Hilo ni jambo la kawaida wala halimaanishi kwamba dawa haikufanya kazi. Vaa pedi nyembamba, na usitumie tamponi, kwa sababu itainyonya dawa.

Anayemeza vidonge atarajie ladha ya chuma mdomoni, kichefuchefu na pengine kuumwa kichwa. Mkojo nao unaweza kuwa mweusi kidogo, jambo linalotisha lakini lisilo na madhara. Kumeza kidonge pamoja na chakula hupunguza kichefuchefu. Kuhusu pombe, mwongozo wa tiba uliotolewa Marekani mwaka 2021 haukatazi tena, ilhali karatasi za maelezo ya dawa bado huonya. Kwa maoni yangu, kuiacha kwa siku hizo chache hakumgharimu mtu chochote. Lililo zito zaidi ni kumjulisha daktari kama unatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa maana metronidazoli huongeza nguvu yake na kuleta hatari ya kutokwa damu. Ukihisi ganzi au michomo mikononi au miguuni, au ukiharisha sana baada ya klindamisini, acha dawa na uonane na daktari mara moja.

Harufu kwa kawaida huanza kupungua ndani ya siku mbili tatu, na hapo ndipo wengi hushawishika kuacha dawa. Maliza dozi. Katika siku hizo usijamiiane, au tumia kondomu, ukikumbuka kwamba krimu ya klindamisini ina mafuta yanayodhoofisha kondomu za mpira hadi siku 5 baada ya dozi kuisha. Muwasho mpya wenye uchafu mzito wa mabongemabonge mara nyingi ni fangasi waliopata nafasi kutokana na antibiotiki, nao hutibiwa kwa dawa yao. Dalili zikiisha, hakuna haja ya kupimwa tena.

Kurudi kwa tatizo hili ni jambo la kawaida mno: zaidi ya nusu ya wanawake waliotibiwa hulipata tena ndani ya miezi 12. Sababu si uchafu wa mwili. Antibiotiki huwaua bakteria waliozidi, lakini haiwarudishi laktobasili, na baadhi ya bakteria husalia wamejificha kwenye utando unaoshika ukuta wa uke. Kuosha ndani ya uke, iwe kwa sabuni au kwa manukato, huzidi kuwapunguza laktobasili. Maji ya kawaida kwa nje yanatosha.

Likirudi, usitumie masalio ya dawa za zamani. Daktari anaweza kukuandikia jeli ya metronidazoli mara mbili kwa wiki kwa miezi 4 hadi 6. Muulize pia kuhusu mwenzi wako: utafiti uliofanyika Australia na kuchapishwa mwaka 2025 ulionyesha kwamba, kwa wanawake wenye mwenzi mmoja wa kiume, tatizo lilirudi ndani ya wiki 12 kwa asilimia 35 pale mwanamume alipotibiwa kwa vidonge na krimu, na kwa asilimia 63 pale alipotibiwa mwanamke peke yake. Maumivu ya chini ya tumbo yanayoambatana na homa, hata hivyo, yasisubiri miadi; nenda hospitali siku hiyohiyo.