Jinsi ya Kumpa Binti Jina la Atupele na Kulitumia Ipasavyo

Mzazi wa Tukuyu, Kyela au Mbeya mjini anayetaka kumwita binti yake Atupele afahamu kwanza kwamba jina hili la Kinyakyusa ni sentensi kamili: a- humtaja mtoaji, -tu- hututaja sisi tuliopokea, na -pele ni kitenzi cha kupa kikieleza jambo lililokwisha kutendeka. Mtoaji hatajwi waziwazi, lakini kila ajuaye lugha huelewa kuwa ni Kyala, yaani Mungu, na kwa sababu hiyo jina linakaa vizuri ubatizoni katika makanisa ya Moravian na Kilutheri, ambayo wamisionari wake waliingia Unyakyusa mwaka 1891.

Kabla ya kuamua, tazama mtoto amekuja katika hali gani. Atupele humfaa hasa aliyesubiriwa kwa muda mrefu. Ikiwa familia inataka kusema kwamba imependwa, lipo Atuganile. Ikiwa inashukuru kwa baraka, lipo Tusajigwe. Na baada ya uzazi wa hatari, Tupokigwe, yaani tumeokolewa, lina uzito zaidi. Kwangu mimi, kuchagua kwa kigezo hiki ni bora kuliko kufuata jina linalovuma mwaka huo.

Kwa kuliita kila siku, wengi hufupisha wakasema Atu, ingawa nyumba yenye Atupele na Atuganile itaitikiwa na wawili kwa pamoja. Kulikata liwe Pele sishauri kabisa, kwani shuleni wenzake watasikia wingi wa upele.

Jina halina jinsia ndani yake. Ng'ambo ya mto Songwe, nchini Malawi, mwanasiasa Atupele Muluzi ni mwanamume. Hivyo katika barua rasmi ni vyema kutanguliza Bi.

Unapokwenda kuandikisha kizazi, beba jina likiwa limeandikwa kwenye karatasi kwa herufi kubwa, kwa sababu karani asiyejua Kinyakyusa anaweza kuandika Atupere. Mkoa wa Mbeya ulianza mwaka 2013 kuwasajili bila malipo watoto walio chini ya miaka mitano katika vituo vya afya na ofisi za kata, kwa hiyo huduma iko karibu. Soma cheti hapohapo dirishani, ukilinganishe na kadi ya kliniki na cheti cha ubatizo, na kosa lolote lirekebishwe kabla mtoto hajasajiliwa kwa mtihani wa taifa.