Kuamsha nyasi za uwanja wa gofu baada ya baridi

Jua la kwanza la majira ya kuchipua likitoka tu, wachezaji huanza kuuliza: grini, yaani zile sehemu za nyasi fupi zenye shimo na bendera, zitakuwa tayari lini? Huwa siwajibu kabla sijachomeka kipimajoto ardhini. Nyasi zinaweza kuwa kijani kwa juu ilhali mizizi bado imelala. Kijani hicho kinatoka kwenye akiba iliyowekwa kabla ya baridi, na ukiimaliza mapema, nyasi zitakufia wakati wa joto kali.

Hatua ya 1: Pima udongo

Chomeka kipimajoto sentimita 5 hadi 10, kila asubuhi saa ile ile, mahali pawili: penye jua na penye kivuli cha miti. Andika daftarini. Bentigrasi na nyasi nyingine za nchi za baridi huanza kusukuma mizizi udongo ukifika nyuzijoto 10 hivi. Bermuda, nyasi ya nchi za joto, ni mvivu zaidi, husubiri udongo utulie kwenye 18. Kama huweka dawa ya kuzuia mbegu za magugu kuota, iweke kabla udongo haujafika 13, maana magugu ya msimu huanza kuota hapo.

Asubuhi yenye jalidi, usimruhusu mtu kukanyaga nyasi mpaka iyeyuke yenyewe. Seli zilizoganda hupasuka zikikanyagwa, na baada ya siku moja mbili utaziona nyayo zimechorwa kwa rangi ya kahawia.

Hatua ya 2: Kagua mabaka

Ondoa matawi na majani, kisha piga magoti. Mabaka ya ukungu wa theluji, ugonjwa wa kuvu wa wakati wa baridi, huwatia watu hofu wakakimbilia dawa, lakini mengi hujifunika yenyewe nyasi zikianza kukua. Ng'oa shina moja katikati ya baka, ulipasue pale chini majani yanapoungana na mizizi. Likiwa jeupe na gumu, liko hai, liache. Likiwa la kahawia na linabonyea, panda upya.

Hatua ya 3: Rudisha maji taratibu

Fungua kwanza vinyunyizio vya mwisho na vya sehemu za juu ili hewa ipate pa kutokea, ndipo ufungue vali kuu kidogo kidogo. Mwaka mmoja niliifungua kwa pupa. Kiungo cha bomba kikapasuka chini ya feawei (njia ya nyasi iendayo kwenye grini), tukashinda siku mbili tunachimba matope.

Hatua ya 4: Kata kwa urefu wa staha

Jaribu makali ya mashine ya kukatia nyasi kwa karatasi: ipitishe kati ya silinda na kisu cha chini. Ikikatika safi toka mwanzo hadi mwisho, sawa. Ikikunjika popote, rudi karakana. Anza na milimita 5 kwenye grini, ushuke kwa robo milimita kila baada ya siku kadhaa, na usiondoe zaidi ya theluthi moja ya jani kwa mkato mmoja. Ukiona rangi inafifia, simama hapo hapo. Milimita 3 mtazifikia, lakini si wiki hii.

Hatua ya 5: Toboa na ujaze mchanga

Hapa ndipo pana kazi, na ndipo panapoleta malalamiko. Subiri nyasi ziwe zinakua kweli. Ukitoboa mapema, matundu yatakaa wazi wiki nyingi.

Mimi hutumia mashine yenye misumari iliyo wazi ndani, inayong'oa udongo, ya milimita 12, kina cha sentimita 7, umbali wa sentimita 5 kila upande. Hayo ni matundu 400 kwa kila mita ya mraba, ingawa eneo lililotobolewa halifiki asilimia 5. Ondoa vipande vya udongo, mwaga mchanga mkavu, kisha buruta mkeka wa chuma au brashi mpaka matundu yajae hadi juu.

Piga hesabu kabla hujaagiza mchanga. Tundu moja hubeba karibu sentimita 8 za ujazo, kwa hiyo mita ya mraba hula lita 3 na ushei. Grini ya mita za mraba 500 inataka takriban mita za ujazo 1.6. Mchanga uwe na chembe kama za ule uliojengea grini. Ukiweka laini zaidi juu, unatengeneza tabaka linalozuia maji, na tabaka hilo utaishi nalo miaka.

Mchanga ukishaingia, mwagilia kidogo, pitisha rola nyepesi, na kwa siku chache usishushe kisu.

Hatua ya 6: Lisha kwa kijiko

Mbolea nyingi mapema hukuza majani kwa gharama ya mizizi. Naitrojeni nusu gramu kwa mita ya mraba inatosha kwa mara moja, kisha rudia baada ya wiki mbili ukiangalia ukuaji. Urea ina asilimia 46 ya naitrojeni, kwa hiyo grini ile ya mita 500 inahitaji gramu 540 hivi. Iyeyushe kwenye maji, pulizia sawasawa.

Baada ya wiki mbili au tatu, chukua kifaa cha kukatia mashimo ya bendera ung'oe kipande kimoja cha ardhi. Mizizi myeupe ikiwa imeshuka ndani ya mchanga wa yale matundu, endelea kushusha kisu. Kama bado, kiache kilipo, hata kama mashindano ni Jumamosi.