Kabla hujanunua kamera, fikiria taa za ukumbi

Napiga picha za harusi Dar es Salaam, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Dada, nataka kuanza kupiga picha, ninunue kamera gani?" Huwa silijibu kwa kutaja jina la kamera. Nami nauliza: utapiga nini, wapi, na saa ngapi? Saa ndiyo watu wanayoisahau, na ndiyo inayoamua mengi.

Kama unauza vitenge mtandaoni na unapiga mchana barazani, baki na simu yako. Simu nzuri ya siku hizi inakutosha kabisa, na hela uliyoitenga itakufaa zaidi ukinunua taa na kitambaa cheupe cha kuweka nyuma. Kama unaongoza watalii mbugani, tafuta lenzi inayofika milimita 300 au zaidi (namba hii ikiwa kubwa, lenzi inavuta mbali zaidi), la sivyo simba atabaki nukta kwenye majani. Vumbi la Serengeti nalo halikuruhusu kubadilisha lenzi ovyo, kwa hiyo kamera yenye zumu ndefu isiyovuliwa lenzi inafaa sana huko, hata wakikuambia si kamera ya kitaalamu.

Nitakaa zaidi kwenye shughuli, maana huko ndiko wengi mnakotaka kwenda. Kadi ya send-off inasema saa kumi na mbili jioni. Bibi harusi anaingia saa tatu usiku. Ukumbi una taa za zambarau, MC kaomba taa kubwa zizimwe, wageni wamenyanyua simu, naye bibi harusi anakuja anacheza. Hapo ndipo ile lenzi ya 18-55 inayouzwa pamoja na kamera za bei nafuu inaposhindwa. Ukiivuta hadi milimita 55, tundu lake la kuingizia mwanga haliwezi kuwa kubwa kuliko f/5.6. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) inaingiza mwanga zaidi ya mara tisa ya huo. Kwa ISO ileile (yaani kamera ikiwa na wepesi uleule wa kuhisi mwanga), ukumbi unaokulazimisha kushuka hadi shata ya 1/15, yaani pazia la kamera linafunguka kwa sehemu moja ya kumi na tano ya sekunde, na lenzi ya kwanza, ya pili inakupa 1/125. Kwenye 1/15 mkono unaocheza unatoka ukungu mtupu. Kwenye 1/125 unaona pete na hina hadi kwenye kucha. Na hiyo 50 f/1.8 ni miongoni mwa lenzi za bei ya chini kabisa, ya Canon hata ya Nikon.

Ndiyo maana nasema hela ianze kwenye lenzi, kinachobaki ndicho kinunue bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Bodi ya miaka minane iliyopita yenye lenzi nzuri itakulisha. Bodi mpya yenye lenzi dhaifu itakufanya uombe radhi kwa wateja.

Ila 50 si dawa ya kila mahali. Sensa ni kile kipande ndani ya kamera kinachonasa picha. Kwenye sensa ndogo ya APS-C, ambayo ndiyo iliyomo kwenye kamera nyingi za kuanzia, 50 inaona eneo finyu zaidi, kama 75 kwenye Nikon na kama 80 kwenye Canon. Ukiingia chumba cha Magomeni ambamo bibi harusi anapambwa, pamoja na somo wake, mashangazi na masanduku ya nguo, utaegemea ukuta na bado utamkata mtu kichwa. Hapo tafuta 24 f/2.8 ya Canon, ni ndogo na bei yake inavumilika, au rudi kwenye 18-55 yako na uielekeze flashi kwenye dari, kama dari ni nyeupe.

Megapikseli zisikupotezee usingizi. Picha ya ukubwa wa A4, ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi, inataka karibu megapikseli 9. Kamera nyingi za APS-C za miaka kumi iliyopita zina 18 hadi 24. Fulu fremu, yenye sensa ya milimita 36 kwa 24, ina eneo zaidi ya mara mbili ya APS-C, na usiku tofauti unaiona kweli. Lakini lenzi zake ni ghali na begi linakuwa zito. Kama harusi bado hazijaanza kukulipa, subiri.

Kwenye bodi, soma vitu vidogo ambavyo muuzaji havitaji. Canon EOS 2000D na 4000D, na Nikon D3500, hazina tundu la maikrofoni. Kama utarekodi nasaha za wazazi au mahubiri, ziache hapohapo dukani. 4000D pia ina mdomo wa kufungia lenzi wa plastiki, na kwa mtu anayebadilisha lenzi kila siku mimi siipendekezi. Nikon za D3000 na D5000 na ndugu zake hazina mota ya kuendesha fokasi ya lenzi za zamani za AF-D, hivyo lenzi itaingia vizuri, picha itatoka, lakini fokasi utaizungusha kwa mkono huku bibi harusi anakupita. Nunua lenzi zilizoandikwa AF-S, zenye mota yao ndani, au panda hadi D7000 au D7100, ambazo mota zinayo.

Wanaouliza kama wanunue DSLR, yaani kamera zenye kioo ndani kama hizo nilizotaja, au hizi mpya zisizo na kioo: zisizo na kioo ni nzuri sana, unauona mwanga wa picha kabla hujabonyeza, na nyingi zinalifuata jicho la mtu zenyewe. Ila zinakula betri. D3500 imekadiriwa picha 1,550 kwa chaji moja. Sony A6000 haifiki 400. Harusi inaanza saluni asubuhi na kuisha usiku, kwa hiyo hesabu betri za akiba ndani ya bei. Angalia pia wenzako wanatumia nini. Lenzi za Canon EF zipo tangu 1987, za mtumba zimejaa, na ukibanwa unaazima kwa mwenzako.

Ukienda Kariakoo kununua iliyotumika, nenda mchana, na memori kadi yako mfukoni. Vua lenzi, fungua tundu lake lote, mulika kwa tochi ya simu upande mmoja huku unachungulia upande wa pili. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu ya unyevu wetu wa pwani. Rudisha, usishawishike na punguzo. Kisha weka f/16, piga anga tupu, kuza picha: madoa meusi yanayobaki palepale kila picha ni uchafu kwenye sensa. Vumbi linasafishika, mkwaruzo hausafishiki. Weka flashi juu, uone kama inawaka. Nikon huandika idadi ya shata, yaani kamera imepiga mara ngapi, ndani ya picha yenyewe, na programu za bure zinaisoma. Bodi za kuanzia hukadiriwa kufika kama shata 100,000, kwa hiyo iliyokwisha piga 90,000 iwe na bei ya uzee wake.

Fungua pia menyu yote. Baadhi ya Sony zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina Kijapani peke yake, na lugha nyingine huiweki. Mwisho, chomeka chaja mbele ya muuzaji uone taa inawaka, na risiti iandikwe namba ya utambulisho iliyopo chini ya bodi, uisome mwenyewe tarakimu kwa tarakimu kabla hujatoa hela.