Lee-Enfield ya Zamani: Jinsi ya Kujua Kama Ni Yenyewe

Bunduki ninayoizungumzia ni Lee-Enfield fupi, Mark III, iliyoingia jeshi la Uingereza mwaka 1907 na kubebwa pia na askari wetu wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki). Mnunuzi mgeni huanza na mng'ao. Mimi huanza na namba, kwa sababu nyingi zinazong'aa zimeungwa kwa vipande vya bunduki tofauti.

Hatua ya 1. Chomoa magazini, vuta bolti nyuma, chungulia chemba, kisha papasa kwa kidole. Fanya hivyo hata kama mwenyewe ameapa kwamba haina risasi.

Hatua ya 2. Soma pete ya chuma iliyo nyuma ya bolti, upande wa kulia: taji, kiwanda (Enfield, BSA, LSA), mwaka na aina. Kinyota baada ya III ni toleo lililorahisishwa wakati wa Vita vya Kwanza, likaondolewa kizuizi cha magazini (bamba la kuzuia risasi za magazini zisipande) na vilengeo vya pembeni vya masafa marefu. Ukikuta kinyota na mwanya wa kizuizi bado upo, usiseme ni bandia. Miili mingi ilitoka hivyo kiwandani.

Hatua ya 3. Hapa usiwe na haraka. Tafuta namba kwenye mwili, mtutu, nyuma ya mkono wa bolti, chini ya kilengeo cha nyuma, na kwenye kifuniko cha chuma kilicho ncha ya mbele ya mbao. Zote zifanane. Namba ya zamani iliyokatwa kwa mstari na mpya kugongwa kando yake mara nyingi ni kazi ya fundi wa jeshi, nayo ni historia halali. Chuma kilichokwanguliwa kwa tupa mpaka pakabonyea, kisha namba mpya yenye kingo kali, hiyo ndiyo inayonitia shaka.

Hatua ya 4. Mbao iliyopigwa msasa huwa chini kuliko chuma kinachopakana nayo, na mihuri yake hufifia. Skrubu iliyopita katikati ya mbao ya mbele ni uimarishaji wa Ishapore, India. Tafadhali usiing'oe.

Hatua ya 5. Mulika mtutu. Kwa kawaida utaona michirizi mitano ikizunguka kushoto. Fataki za risasi za zamani ziliacha chumvi. Mtutu usiooshwa kwa maji ya moto ukaliwa na kutu. Kagua pia mdomo: kamba ya kusafishia, ikivutwa upande mmoja miaka mingi, huuchimba, na shabaha hupotea hata kama ndani pako safi.

Hatua ya 6. Kabla ya kufyatua, fundi mwenye leseni apime nafasi kati ya uso wa bolti na kitako cha risasi, hasa kama bolti ni ya bunduki nyingine. Ukiona herufi DP, hiyo ilitengwa kwa mazoezi ya gwaride tu. Usiipige kabisa.